Kujua kwa Mkono: Ndege Ndogo Katika Mwendo wa Chini

Mwendo wa chini ni hali ya ndege kuruka kwa kasi iliyo juu kidogo tu ya ile ambayo bawa haliwezi tena kuibeba. Katika Cessna 172S, ndege ya viti vinne ambayo wanafunzi wengi wa urubani huanzia, kasi hiyo ya ukomo ni takriban kilomita 89 kwa saa, na hushuka hadi kilomita 74 hivi pale flapu, yaani vibawa vya nyuma vinavyotumika wakati wa kutua, zinapoteremshwa zote. Ndege hiyohiyo ikiwa safarini hupita kilomita 200 kwa saa. Mwanafunzi hupandishwa juu, mbali na ardhi, akaambiwa apunguze kasi kidogo kidogo mpaka aukaribie ukomo huo, kisha abaki papo hapo: ashike kimo kilekile, akate kona, apande na kushuka, yote bila kuuvuka mpaka.

Kwa anayetazama kutoka chini, zoezi hili halina la ajabu. Kwa aliye ndani, karibu kila alichozoea kuhusu chombo hicho kimebadilika. Usukani umelegea, na lazima usogezwe sana ndipo ndege iitike. Pua imeinuka hata ikaficha sehemu ya upeo wa macho. Injini inanguruma kwa nguvu, lakini mwendo ni mdogo. Kila safari, hata iwe fupi namna gani, hupitia hali inayokaribiana na hii wakati wa kuondoka ardhini na wakati wa kurudi, na hapo ndipo nafasi ya kurekebisha kosa huwa finyu kuliko mahali pengine popote. Ndiyo maana kanuni za Marekani hazimruhusu mwanafunzi kuruka peke yake kabla hajafundishwa kuruka polepole na kujiokoa pale bawa linaposhindwa.

Ndani ya zoezi hili mna swali ambalo wanafalsafa wamelibishania tangu Ugiriki ya kale, na ambalo wanazuoni wa Kiislamu walilichimba kwa kina chao wenyewe. Kujua kufanya jambo ni sawa na kujua ukweli kuhusu jambo hilo, au ni maarifa ya aina nyingine? Na kama ni ya aina nyingine, yanaingiaje ndani ya mtu? Mifano inayotumiwa na vitabu vya falsafa, kama kuogelea, kuendesha baiskeli na kupiga kinanda, ina upungufu mmoja: mtoto anaweza kuyajifunza hayo bila kusikia nadharia yoyote, hivyo ni rahisi kudhani kwamba nadharia haina kazi. Mwendo wa chini angani ni mfano mgumu zaidi, kwa kuwa humo maumbile ya mwili yanampotosha mtu, na nadharia peke yake haimwokoi.

Kwanza yafaa kueleza kinachotokea kwenye bawa. Bawa hunyanyua ndege kwa kuielekeza hewa chini, na kazi hiyo hutegemea mambo mawili makubwa: kasi ya hewa inayopita, na pembe ambayo bawa hukabili hewa hiyo. Kasi ikipungua, pembe haina budi kuongezwa ili nguvu ya kunyanyua iendelee kulingana na uzito. Kwa hiyo anayeruka polepole huinua pua kadiri anavyopunguza mwendo. Lakini pembe ina kikomo. Katika mabawa mengi ya ndege ndogo, ikifika nyuzi 15 hadi 18 hivi, hewa inayopita juu ya bawa hushindwa kuufuata mgongo wake, hubanduka, na nguvu ya kunyanyua huporomoka. Marubani huiita hali hiyo stoli. Watu wasio marubani mara nyingi hudhani maana yake ni injini kuzimika. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa. Tena stoli haingojei kasi ndogo. Bawa linaweza kushindwa hata kwa kasi kubwa kama rubani atavuta usukani kwa ghafla mpaka pembe ipite kikomo.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulikubali. Hewa huikinza ndege kwa namna mbili. Kuna ukinzani unaotokana na umbo, yaani magurudumu, nguzo na kiwiliwili vinavyosukumana na hewa. Kasi ikiongezeka mara mbili, huo huongezeka mara nne. Na kuna ukinzani ambao ni gharama ya kunyanyua kwenyewe, nao huenda kinyume: kasi ikipungua kwa nusu, ndio unaoongezeka mara nne. Kutokana na hizo mbili, ipo kasi moja ambapo ndege hushika kimo kwa kutumia nguvu ndogo ya injini kuliko kasi nyingine zote. Juu ya kasi hiyo, anayetaka kwenda haraka zaidi huongeza nguvu, kama kila mtu anavyotarajia. Chini yake, anayetaka kwenda polepole zaidi ndiye anayelazimika kuongeza nguvu.

Hapo ndipo mazoea yote ya ardhini yanapopinduka. Mwanafunzi aliye chini ya kasi hiyo anaona altimita, yaani kipimo cha kimo, inaonyesha kushuka. Anavuta usukani ili apande. Pembe inaongezeka, ukinzani unaongezeka, kasi inapungua, na ndege inashuka haraka kuliko mwanzo. Anavuta tena. Kila anapovuta anajikaribisha kwenye stoli, na kila anapokaribia, macho na mwili vinamwambia avute zaidi, kwa sababu ardhi inakuja juu na pua inaelekea kuzama. Wolfgang Langewiesche, mwandishi na rubani aliyezaliwa Ujerumani akahamia Marekani, alitoa mwaka 1944 kitabu kiitwacho *Stick and Rudder*, ambacho bado kinasomwa katika shule za urubani. Sehemu kubwa ya hoja yake ni kwamba kuvuta na kusukuma usukani kwatawala pembe ya bawa, na kupitia pembe hiyo, kasi. Anayetaka kupanda na kubaki juu lazima aitafute nguvu kwenye injini. Hoja hiyo ikishaelezwa haibishaniwi sana. Kuitenda ndiyo shida.

Shida nyingine ni ya pembeni. Katika ndege nyingi ndogo, rafadha inayozunguka kwa nguvu huku pua ikiwa juu huivuta ndege kushoto, na mwanafunzi hana budi kukanyaga pedali ya kulia na kuibana muda wote. Bawa moja likianza kulala, mtu aliyezoea gari huzungusha usukani upande wa pili. Katika mwendo wa chini kitendo hicho huweza kuongeza pembe ya bawa lilelile linaloanguka, likashindwa kabla ya mwenzake, na ndege ikaanza kushuka ikizunguka kama pia. Miguu ndiyo inayopaswa kufanya kazi hapo, na miguu ya mwanafunzi mgeni huwa imelala.

Waanzilishi wa usafiri wa anga walilipia maarifa haya kwa uhai. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka kwa mabawa yasiyo na injini karibu mara 2,000, alianguka tarehe 9 Agosti 1896 baada ya chombo chake kupoteza nguvu ya kunyanyua, akafariki kesho yake. Alikuwa ameandika juu ya mabawa kwa undani kuliko karibu watu wote wa zama zake. Mwezi Septemba 1901, Wilbur Wright alihutubia wahandisi mjini Chicago na kukisia kwamba katika miaka kama mitano ya majaribio Lilienthal alikuwa amekaa angani jumla ya saa kama tano tu. Kwa maoni ya Wright, ajabu ilikuwa kwamba alifika mbali hivyo kwa mazoezi machache hivyo. Katika hotuba hiyohiyo alizilinganisha njia mbili za kumjua farasi mkorofi: kumpanda na kujifunza kila hila yake juu ya mgongo wake, au kukaa juu ya uzio ukimtazama kisha kurudi nyumbani kufikiri. Alikiri kwamba ya pili ndiyo salama, na akasema ya kwanza ndiyo inayotoa wapandaji wazuri wengi zaidi. Inafaa kukumbuka kwamba Wright na nduguye Orville walizifuata zote mbili. Mwishoni mwa mwaka 1901 walipima maumbo ya mabawa katika sanduku la upepo walilojitengenezea, na mwaka 1902 waliruka mamia ya mara kwa chombo kisicho na injini pwani ya Carolina Kaskazini. Ndege yenye injini ilikuja Desemba 1903, baada ya yote hayo.

Katika falsafa ya karne ya 20, aliyelitikisa swali hili ni Gilbert Ryle wa Oxford, katika kitabu chake *The Concept of Mind* cha mwaka 1949. Alipinga dhana kwamba tendo la akili huwa ni matendo mawili, la kwanza kuifikiri kanuni na la pili kuitekeleza. Hoja yake ni fupi na ina makali. Kuifikiri kanuni nako ni tendo, na mtu anaweza kulifanya vizuri au vibaya. Kama kila tendo zuri lingehitaji kutanguliwa na fikra juu ya kanuni, basi fikra hiyo nayo ingehitaji fikra nyingine kabla yake, na hiyo nyingine, bila mwisho, wala hakuna ambaye angewahi kutenda lolote. Kwa Ryle, ujuzi wa kutenda unasimama kwa miguu yake, na akili ya fundi iko ndani ya utendaji wenyewe.

Michael Polanyi, mwanakemia mzaliwa wa Hungaria aliyegeukia falsafa, aliongeza kwamba tunajua zaidi ya tunavyoweza kueleza. Alitoa mfano wa baiskeli: kanuni ya kifizikia inayohusisha mwinamo, kasi na ukali wa kona inajulikana, lakini hakuna anayejifunza baiskeli kwa kuikokotoa, na anayeiendesha vizuri kwa kawaida haijui kabisa. Upande wa pili wapo Jason Stanley na Timothy Williamson, ambao mwaka 2001 walitetea kwamba kujua kufanya ni aina mojawapo ya kujua kwamba jambo fulani ni kweli: anayejua kuogelea anajua, juu ya njia fulani, kwamba hiyo ndiyo njia ya kuogelea, ila ameikamata kweli hiyo kwa namna ya kivitendo.

Ukiiweka mijadala hii ndani ya ndege inayoruka kwa kilomita 90 kwa saa, kila upande hupata nusu ya haki. Ryle na Polanyi wana haki kwamba katika sekunde ambayo bawa linaanza kutikisika hakuna nafasi ya kuikumbuka kanuni. Mkono ama umeshaanza kusukuma usukani mbele, ama umechelewa. Lakini mfano wa baiskeli haufai hapa. Mtoto kwenye baiskeli akiachwa peke yake hujifunza, kwa kuwa kuanguka humrekebisha na mwili wake una silika ya mizani inayomsaidia. Mtu aliyeachwa peke yake katika ndege inayozama, akifuata silika yake, atavuta usukani mpaka afike chini. Mwili wa binadamu haukuumbwa ukijua kwamba ili usianguke yafaa uielekeze pua kwenye ardhi. Jambo hilo liligunduliwa kwa hesabu, vipimo na misiba, likaandikwa, na kila kizazi cha marubani hulipokea kwanza kwa masikio. Hivyo anayedai kwamba mkono wa rubani haudai chochote kwa nadharia amesahau aliyeufundisha mkono huo.

Jibu lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba ujuzi huu ni nadharia iliyotiiwa kwa muda mrefu hata ikawa tabia. Kauli hiyo inaingiza swali katika uwanja ambamo dini na maadili vimelifanyia kazi zaidi kuliko elimu ya utambuzi. Aristotle, katika kitabu cha pili cha *Maadili ya Nikomako*, anasema watu huwa wajenzi kwa kujenga na wapiga kinubi kwa kupiga kinubi, na vivyo hivyo huwa waadilifu kwa kutenda uadilifu. Anaongeza jambo ambalo mara nyingi hupitwa: kupiga kinubi hutoa wapigaji wazuri na wabaya pia. Kurudia peke yake hakutoshi. Kama kungetosha, walimu wasingehitajika.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus katika Uajemi mwaka 1058 na kufariki mwaka 1111, alilifikia jambo hilohilo kwa njia iliyomgharimu zaidi. Katika *al-Munqidh min al-Dalal* anasimulia jinsi alivyovisoma vitabu vya masufii akaelewa yote yanayoweza kuelezwa, kisha akatambua kwamba kilichobaki hakipatikani kwa kusoma bali kwa kuonja na kuwa katika hali yenyewe. Ipo tofauti kubwa, anasema, kati ya kujua maana ya afya na sababu zake, na kuwa mzima wa afya. Alikuwa wakati huo mwalimu mkuu wa Baghdad, mwenye mamia ya wanafunzi, na mwaka 1095 aliiacha kazi hiyo. Katika *Ihya Ulum al-Din*, kwenye kitabu kinachohusu kuitia nafsi adabu, anaeleza jinsi tabia inavyopatikana: anayetaka kuwa mwandishi stadi wa hati huanza kwa kuulazimisha mkono kuiga anachofanya stadi, kwa kujikalifisha, mpaka siku ambayo hati nzuri inatoka yenyewe kama maumbile. Kwanza ni mzigo, mwishowe ni tabia. Na athari hupita pande zote mbili, kwa kuwa sifa iliyo moyoni huonekana kwenye viungo, na kitendo cha viungo huacha alama moyoni.

Maelezo hayo ya karne ya 11 na ya 12 yanamweleza mwanafunzi wa urubani kwa usahihi wa kushangaza. Mwanzoni anasukuma usukani mbele kwa kujikalifisha, huku mwili mzima ukikataa. Baada ya kurudia mara nyingi, pua ikiinuka kupita kiasi anahisi kero kwenye kiti kabla hajatazama kipimo. Anasikia upepo ukipungua sauti kwenye kioo. Mguu wa kulia umeshabana pedali naye hakumbuki alipoubana. Hofu yake nayo imehama mahali: mwanzo aliogopa pua kushuka, sasa anaogopa pua kupanda bila nguvu ya injini. Mtu ambaye hofu yake imehama hivyo amepata zaidi ya habari. Kinachomvuta na kinachomtisha vimepangwa upya ili vikubaliane na ukweli wa bawa, na mpango huo ndio ambao wanamaadili wa dini zote wamekuwa wakiutafuta wanapozungumzia malezi ya nafsi.

Kati ya mwanzo ule na mwisho huu kuna kipindi cha kuamini. Mwanafunzi anayeambiwa asukume usukani kuelekea ardhini hana bado ushahidi wa mkono wake mwenyewe. Analo neno la mwalimu aliyeketi kiti cha kulia. Al-Ghazali alisisitiza kwamba anayeshika njia ya kuirekebisha nafsi anahitaji sheikh wa kumwongoza, na wasomaji wa kisasa mara nyingi huliona hilo kama kuua fikra huru. Mfano wa ndege unaonyesha sababu yake. Lipo jambo ambalo haliwezi kuthibitika kwa mtu mpaka alitende, na hawezi kulitenda bila kumwamini kwanza aliyekwisha kulitenda. Imani ya namna hiyo si ya upofu, kwa vile mwalimu yumo ndani ya chombo kilekile, anahatarisha kilekile, na matokeo yanaonekana ndani ya sekunde chache: usukani ukisukumwa, hewa hushikana tena na bawa, na ndege hutulia. Mwalimu ambaye neno lake halithibitiki hata baada ya mwanafunzi kutenda hastahili kuaminiwa, awe wa urubani au wa dini.

Jinsi kujua kwa ulimi kunavyoweza kutengana na kujua kwa mkono ilionekana kwa uchungu usiku wa tarehe 1 Juni 2009, pale ndege ya Air France safari namba 447, kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ilipoanguka katika Bahari ya Atlantiki na kuua watu wote 228. Vipimo vya kasi vilikuwa vimezibwa na barafu kwa muda mfupi, mtambo wa kujiendesha ukajitoa, na ndege ikarudi mikononi mwa watu. Uchunguzi wa mamlaka ya Ufaransa ulionyesha kwamba pua iliinuliwa, ndege ikaingia katika stoli, na kwa sehemu kubwa ya muda uliobaki, usiofika dakika tano, usukani uliendelea kuvutwa. Onyo la stoli lililia kwa sekunde 54 mfululizo. Waliokuwa humo walikuwa marubani wenye leseni za juu, na hapana shaka kila mmoja wao angejibu sawasawa kwenye karatasi ya mtihani. Haifai kuwahukumu, kwa kuwa giza, mitikisiko ya hewa na vipimo vinavyopingana vingemchanganya yeyote. Linalofaa ni kuona kwamba maarifa yao yalikuwapo na hayakufika mikononi. Stanley na Williamson wangesema walikosa ile namna ya kivitendo ya kuikamata kweli. Hata hivyo namna hiyo ndiyo yote inayotafutwa, na kuipachika pembeni ya nadharia kana kwamba ni maelezo ya ziada ni kulikwepa swali.

Upo pia upotofu wa upande wa pili, wa kuuabudu mkono uliozoea. Ndugu wawili, Hubert na Stuart Dreyfus wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, waliandika mwaka 1980, kwa ufadhili wa utafiti wa Jeshi la Anga la Marekani, taarifa iliyogawa safari ya kupata ujuzi katika hatua 5. Walitumia mifano ya marubani, wachezaji wa sataranji na wanaojifunza lugha ya kigeni. Kwa maoni yao mgeni hufuata kanuni, na stadi ameachana nazo. Huona hali na kutenda bila kuwaza. Kuna ukweli mwingi humo, lakini unatishia kumfanya stadi aonekane kama asiyehitaji tena kuelezwa kitu.

Mfano wa Afrika Mashariki unaonyesha hatari hiyo. Uwanja wa Wilson, Nairobi, ambako shule nyingi za urubani za Kenya zipo, uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi. Kipimo cha kasi ndani ya ndege kitaonyesha namba ileile ya stoli inayoonekana Malindi au Dar es Salaam, kwa kuwa kipimo hicho nacho hupima msukumo wa hewa. Lakini kasi halisi ya ndege itakuwa kubwa zaidi kwa karibu sehemu moja ya kumi, na zaidi ya hapo siku ya joto. Ardhi hupita chini haraka, na jicho lililozoea pwani humwambia rubani kwamba ana mwendo wa kutosha, ilhali bawa linakaribia ukomo. Injini isiyo na kisukuma hewa nayo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo ile akiba anayoitegemea ili ajitoe katika mwendo wa chini imepungua wakati anapoihitaji zaidi. Mkono uliofunzwa pwani ni mkono mzuri, na hapa unasema uongo. Kinachoweza kuusahihisha ni hesabu aliyoisoma darasani, kipimo anachojilazimisha kukitazama, au mwalimu wa mahali hapo. Stadi wa kweli bado ni mtu anayeweza kuelezwa, na mkono wake unabaki chini ya hoja.

Mwaka 2016 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilifanya badiliko lililozua ubishi mkubwa miongoni mwa walimu wa urubani, na kiini chake ni kilekile alichokigusa Aristotle. Kabla ya hapo mwanafunzi alitakiwa kuonyesha mwendo wa chini kwenye ukingo kabisa, king'ora cha onyo la stoli kikilia muda wote wa zoezi. Viwango vipya vilitaka aruke kwa kasi iliyo juu kidogo, king'ora kikiwa kimya, na kikilia ajirekebishe mara moja. Walimu wengi wa zamani walilalamika kwamba wanafunzi wangekosa kuzijua sifa za ndege kwenye ukingo wenyewe. Hoja ya mamlaka ilikuwa kwamba mwanafunzi anayezoezwa kukaa na onyo likilia, huku akisifiwa kwa kutulia, anajifunza mambo mawili kwa pamoja: kuitawala ndege, na kulipuuza onyo.

Pande zote mbili zilikubaliana, hata bila kutamka, kwamba zoezi huunda mtu. Tofauti yao ilikuwa juu ya mtu gani anaundwa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, mamlaka ilikuwa na hoja nzito zaidi, kwa sababu stoli zenyewe zinaendelea kufundishwa kama zoezi la peke yake, ambamo king'ora kina maana yake halisi: toka hapa. Lakini hofu ya walimu wale haikuwa ya bure. Mwanafunzi anayeukaribia ukingo kwa mbali tu anaweza kumaliza mafunzo akiwa na heshima kwa mpaka asioujua, na heshima ya namna hiyo huyeyuka siku anapouvuka bila kukusudia. Mwalimu mwenye busara humpeleka mwanafunzi wake pote pawili, na humweleza kila mara wako wapi na kwa nini.

Jambo la mwisho kuhusu maarifa haya ni kwamba hayakai. Anayejua kwamba bawa hushindwa kwenye pembe fulani atalijua hilo mpaka uzeeni. Anayejua kwa mkono, akikaa miezi bila kuruka, hukuta mguu wa kulia umelala tena na silika ya zamani ya kuvuta imerudi mahali pake, kana kwamba haikuwahi kuondoka. Kanuni za Marekani zimelizingatia hilo kwa lugha kavu ya sheria. Kwa kawaida, mwenye leseni hawezi kuendelea kuongoza ndege kama miezi 24 imepita bila kuketi na mwalimu kwa angalau saa moja ya mafunzo ya ardhini na angalau saa moja ya mafunzo angani; mwalimu ndiye anayechagua mazoezi, na mwendo wa chini ni miongoni mwa yale yanayochaguliwa sana.